Ploti ni Gani?



Ukikutana na barobaro yeyote Ijumaa jioni, awe wa Majengo, Kisauni, Likoni au Eastleigh, utamsikia akimuuliza mwenzake: "Ploti ni gani?" Anauliza mpango wa wikendi. Mnaenda Mama Ngina kula mihogo, mnacheza mpira, ama mnalala tu? Leo nawauliza swali hilo hilo kwa maana yake nyingine. Ile ploti uliyonunua, ile unayoilipia, ile uliyoambiwa ni ya babu, ni gani? Ina namba gani? Imeandikwa jina la nani?

Nasema haya manake wiki iliyopita baada ya swala ya Ijumaa kijana mmoja alinijia na karatasi. Ni dereva wa tuktuk. Ameweka akiba miaka mitatu, mamake akamuongezea zamu yake ya chama, akanunua "ploti" upande wa bara. Karatasi yenyewe ni ukurasa wa daftari la shule. Imeandikwa: mimi fulani nimemuuzia fulani ploti yangu, pesa nimepokea zote. Chini kuna sahihi ya muuzaji na muhuri wa mzee wa mtaa. Basi. Hakuna namba ya ardhi, hakuna ukubwa, hakuna mpaka unaishia wapi.

Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hapa umenunua nini?"

"Ploti."

"Umenunua ardhi, au umenunua ruhusa ya kujenga juu ya ardhi ya mtu mwingine?"

Akanyamaza. Akaichukua karatasi akaisoma tena kana kwamba jibu lilikuwa limejificha nyuma yake. Wallahi uso wake sitausahau.

Sasa hebu tulitazame hili neno. Kwa Mwingereza, "plot" ni kipande kidogo cha ardhi. Hiyo ndiyo maana ya zamani kabisa. Tangu miaka ya 1500 neno hilo hilo kwao likawa pia ni njama, watu kukaa gizani kupanga uovu. Ile njama ya 1605 ya kutaka kulipua Bunge lao kwa baruti wanaiita kwa neno hili mpaka leo. Baadaye likawa pia ni mtiririko wa hadithi, nani alianza na nani akaishia wapi. Likaja kwetu Kenya, tukaliongezea. Ploti ni zile nyumba za kupanga zenye vyumba vimepangana, bomba moja na choo kimoja uani: "mimi na yule tunakaa ploti moja." Na ploti ni mpango wa jioni.

Kipande cha ardhi, njama, hadithi, nyumba za kupanga, mpango. Maana tano katika neno moja. Na dalali anajua vizuri sana anachokifanya anapolitumia hilo na si lingine. Kila ukimshika kwenye maana moja anakuponyoka kwa nyingine. Ukimwambia "uliniuzia ardhi," atakwambia "mimi nilikuuzia ploti." Na ukiisoma karatasi yako, kweli, neno ardhi halimo.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili, manake walikuwa na maneno. Kiwanja ni pa kujenga. Shamba ni pa kulima. Uwanja ni wa wote. Kiunga ni kule pembezoni mwa mji. Na mzee wa Mombasa akikutembelea atauliza swali ambalo mgeni wa bara hulishangaa: "Nyumba yako hii, na ardhi je?" Kwa mgeni, nyumba na ardhi ni kitu kimoja. Hapa kwetu ni vitu viwili.

Hapa nitakaa kidogo, manake vijana wengi hawajui hata kwao wenyewe wamesimama juu ya nini. Mombasa kuna maelfu ya nyumba zinazoitwa nyumba bila ardhi. Babu yako alijenga kwa pesa zake, kuta ni zake, paa ni lake, lakini chini ni mali ya mwenye ardhi, na kila mwezi au kila mwaka humlipa kodi ya ardhi. Anaweza kuiuza nyumba, kuipangisha, kuiacha urithi. Ardhi hana. Mwenye ardhi akifa, watoto wake wakamuuzia mwekezaji, siku moja mnaamka mnaambiwa mtoe kuta zenu. Umezaliwa pale, babako kazaliwa pale, na kwenye karatasi nyinyi ni watu mlioruhusiwa kukaa tu.

Na hapa ndipo vijana wengi hudanganyana barazani. "Sisi tumekaa miaka zaidi ya 12, sheria inasema ni yetu." Pole, ndugu. Ni kweli sheria ya Kenya inampa nafasi aliyekaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12 kwenda mahakamani kuidai. Lakini awe amekaa waziwazi, bila kukatizwa, na bila ruhusa ya mwenyewe. Kama una risiti za kodi ya ardhi kwenye sanduku la bibi, hizo risiti zinasema ulikaa kwa ruhusa. Miaka 12 au miaka 60, hesabu haijaanza. Na dhidi ya ardhi ya serikali njia hiyo haifanyi kazi kabisa.

Usizitupe hizo risiti lakini. Ndizo zinazothibitisha kwamba hukuingia kama mwizi. Tena hata yule aliyeingia bila haki, Sheria ya Ardhi baada ya marekebisho ya 2016 inataka apewe notisi ya maandishi ya angalau miezi 3 kabla ya kuondolewa, na ana haki ya kwenda mahakamani kuipinga. Kwa hiyo tingatinga likija alfajiri na notisi ni ile iliyobandikwa mlangoni jana, hilo si suala la kuomba huruma kwa chifu. Ni sheria imevunjwa.

Turudi kwa dalali na ile "50 kwa 100" yake. Kila bango barabarani linasema ploti za futi 50 kwa 100, na dalali atakwambia hiyo ni sehemu ya nane ya ekari. Piga hesabu na simu yako. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Gawa kwa nane, unapata 5,445. Zidisha 50 kwa 100, unapata 5,000. Umepunjwa futi 445, chumba na jikoni na choo chake, kabla hata hujauliza kama muuzaji ndiye mwenyewe. Wanapozidisha hivyo mara elfu, jiulize hizo futi zimeenda wapi.

Lakini nisiwatupie madalali peke yao. Hawa ni wanafunzi. Walimu wao ni wakubwa.

Mwaka 1908 mkoloni alipitisha sheria ya hatimiliki kwa mkanda huu wetu wa maili kumi wa Pwani. Kila anayedai ardhi ajitokeze, aandikishe dai lake mbele ya afisa, aonyeshe ushahidi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Sasa mfikirie mtu wa kijijini ambaye kwao ardhi haikuwa kitu cha kudai, ilikuwa ni mahali pa kuishi. Mnazi aliupanda babu, kaburi la bibi liko pale, jirani zake wote wanajua. Nani alimpelekea habari ya afisa? Alilala kwenye kwao akaamka kwa Mfalme. Na uhuru ulipokuja, Mfalme alifunga virago, ardhi ikabadilishwa jina tu ikawa ya serikali.

Na tusijidanganye hapa. Baadhi ya waliojua kusoma hiyo sheria na kuandikisha mapema walikuwa ni wazee wetu Waislamu, Waarabu na Waswahili wenye nafasi mjini. Wengi wa waliopoteza walikuwa ni majirani zao Wamijikenda, na Waislamu wenzao maskini pia. Najua kuna watakaonuna nikisema hivi. Nuneni. Huwezi kulia dhulma ya ardhi kwa sauti kubwa na ukanyamazia ile ambayo babu yako alifaidika nayo. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipoandikiana barua kuhusu mkanda wa Pwani, Kenya ilikubali kuziheshimu hatimiliki ambazo tayari zilikuwa zimesajiliwa. Yaani karatasi za mkoloni zikapigwa muhuri mara ya pili, na asiye na karatasi akabaki hana.

Huyo asiye na karatasi wakamtafutia jina: skwota. Hili nalo ni neno la kutazamwa. Skwota ni mtu aliyechuchumaa kwenye ardhi ya wengine. Mtu anazaliwa, anazaa, anazika, na bado anaambiwa amechuchumaa! Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, watu waliingia 1997. Serikali ikalinunua, na mwaka 2016 hati zikaanza kutolewa kwa shangwe na kamera. Kisha wakaazi wakaambiwa kila mmoja alipe Sh182,000. Kwenye hotuba ilikuwa ni haki ya kihistoria. Kwenye ankara ilikuwa ni ploti ya kuuzwa.

Wakati huo huo Lamu, mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru zifutwe hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimetolewa kwa kampuni 22. Nusu milioni! Serikali yenyewe ilikiri kwamba utoaji ule haukuwa halali. Mvuvi wa Lamu anahangaika kizazi kizima kupata hati ya mahali alipofungia mtumbwi, na kampuni 22 zinapata nusu milioni ya ekari kimyakimya. Sasa hiyo ploti ilikuwa ya maana ipi kati ya zile tano, chagueni wenyewe.

Ripoti tunazo. Ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria. Ya Tume ya Ukweli ya 2013. Katiba ya 2010 inasema wazi ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, na bado ukienda na nyavu zako unakutana na ukuta na askari wa mlango anakwambia hii ni ploti ya bosi.

Halafu nyumbani kwetu je? Hapa nitasema haraka kwa sababu najua inauma. Ardhi ya wakf si ploti. Aliyeiweka wakf ameshaitoa mkononi mwa warithi, kwa hiyo mjukuu anayemletea dalali hapo hana cha kuuza, hata akiwa na madeni ya namna gani. Na ile "ploti ya familia" inapouzwa, dada zako walikuwa wapi? Walikuwa jikoni wakipika chai ya mnunuzi. Fungu lao limetajwa kwenye Kitabu unachokiapia, na wewe unamwambia "wewe umeolewa." Ukitoka hapo unakuja kwenye ukurasa huu kuandika kuhusu dhulma ya serikali. Anza kwa dada yako.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, mambo machache. Uliza namba ya ardhi, ile ya kwenye rejista, si "ploti ya tatu ukipita msikiti." Kwa namba hiyo, nenda ofisi ya ardhi mwenyewe kupekua, usimtume dalali akuletee matokeo. Angalia jina, angalia kama benki imeishikilia, angalia kama kuna kizuizi cha mahakama. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, pande zote zitie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi wake. Na hata mzee wa mtaa awe mcha Mungu namna gani, muhuri wake hauhamishi ardhi. Ukiambiwa "hii haina hati lakini hakuna shida, kila mtu hapa hana," shida yenyewe ndiyo hiyo.

Yule kijana wa tuktuk nilimwambia ampigie muuzaji, amwombe namba ya ardhi tu. Simu ya kwanza aliambiwa "kesho." Ya pili, "mbona huniamini, sisi si ndugu?" Ya tatu haikupokelewa. Jumatatu tunaenda naye ofisi ya ardhi na ramani tuliyoichora kwa mkono, tuone kama ile sehemu ina mwenyewe.

Wenye karatasi za namna hii, na najua mko wengi, tutakaa Jumamosi baada ya Alasiri. Tuandikieni inboksi tuwaelekeze mahali. Njooni na karatasi zote, hata zile za daftari, na risiti za kodi ya ardhi za bibi kama zipo. Na mje na dada zenu.