Mfuko ufunguliwe mbele yetu

Kazi ikisimama machimboni, mayai ya kuku ya bibi zetu ndiyo inalipa minervali ya watoto. Kwa hiyo habari ya depo si ndogo kwetu.

Chakula cha kuku kinaweza kutoka kiwandani kizuri, kikaharibikia hapa Goma. Mifuko inalazwa chini kwenye simenti, inapangwa mpaka karibu na manjanja. Muchana manjanja inachoma, usiku ni baridi, maji inadondoka. Joto inaua vitamini, mafuta ya soya inachacha, mahindi inaota ukungu. Ukungu ule unatoa sumu, aflatoksini, inayoharibu ini. Kuku anakonda, anapunguza kutaga, sisi tunakimbilia dawa.

Kuna wanaosema mahindi yenye ukungu apewe kuku tu. Hapana! Sumu inaweza kupita mpaka kwenye ini na yai, na kupika haiimalizi. Mwaka 2004 huko Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliua watu 125.

Wenye depo, wekeni mbao chini ya mifuko, muiache mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza iuzwe kwanza. Mbao ine haitapandisha bei.

Tukipeleka koltani, mnunuzi anapima unyevu na kukata kilo, na hatuna la kusema. Basi sisi pia tusilipe mfuko haujafunguliwa. Ukikuta mabonge ao harufu ya uvundo, rudisha palepale. Muuzaji akikasirika, akasirike.