Mji Ukikua, Haki ya Jirani Isife

Mwezi huu twapenda kuitazama habari iliyo mlangoni mwetu. Vijana wa Mchinga na wa pwani yote ya Lindi na Kilwa wafungapo safari ya Dar es Salaam kutafuta riziki, wengi hufikia kwa jamaa zao Mbagala. Kutafuta riziki si aibu. Lakini yafaa tujue mji ule umekuwaje.

Katika sensa ya mwaka 2002 Dar es Salaam ilikuwa na watu 2,487,288. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Kwa miaka 20 tu watu wamekuwa zaidi ya mara mbili! Mahali pengi nyumba zilitangulia, njia zikakosa pa kupita, na vyoo vikachimbwa karibu na visima. Bonde la Msimbazi, lililo mapito ya maji, likajaa nyumba. Mvua za Desemba 2011 zikaua watu, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Agosti 2015 kipindupindu kikaingia mjini. Je, haya yote tuseme ni kudra tu? Kudra ni ya Mwenyezi Mungu, lakini choo kando ya kisima tumekichimba kwa mikono yetu.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, na amekataza mtu kujisaidia njiani na penye maji ya watu. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu. Wala tusidhani kuwa miji mizuri ni ya wageni: Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji ule kwa uzuri wake.

Mchinga leo imo katika Manispaa ya Lindi. Mji waja, nasi nafasi tungali nayo. Auzaye kiwanja na aache njia ya jeneza na ya gari la mgonjwa. Ajengaye na akiweke choo mbali na kisima chake na cha jirani. Maimamu na wazee wa mtaa na wakubaliane mapema, kabla kila mtu hajapiga ua wake. Mwenye kuivamia njia hupata hatua mbili za ardhi. Siku ya msiba wake, jeneza litapita wapi?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.