UALIMU SI KAPU LA WALIOKOSA KOZI NYINGINE

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, Mwenye kumfundisha mja Wake kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad ﷺ, aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wetu hutuandikia: "Sheikh, niombe kozi gani?" Wengi huongeza: "Udaktari pointi hazitoshi, sheria naona ushindani mkubwa, basi nichukue ualimu tu."

Leo nataka tuzungumze kuhusu hilo neno "tu". Neno dogo, lakini limeuharibia umma huu mambo makubwa.

Ndugu yangu, unaposoma Shahada ya Sayansi na Ualimu, au Shahada ya Sanaa na Ualimu, hujachukua kozi nusu. Umechukua kazi mbili kwa wakati mmoja. Unakaa darasa moja la fizikia au historia na wenzako wanaosomea fizikia na historia peke yake. Kisha unatoka hapo unaingia kwenye saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundishia, upimaji wa wanafunzi. Juu ya hayo unapelekwa shule kwenye mazoezi ya kufundisha, unaandika azimio la kazi na andalio la somo, unasimama mbele ya watoto sitini, na msimamizi wako amekaa nyuma na kalamu anakuandikia alama. Haya yote kwa kawaida ndani ya miaka mitatu kwa Tanzania. Huyo ndiye tunamwita aliyekosa kozi?

MTUME ﷺ NA UALIMU

Tazama sira. Baada ya vita vya Badr, Waislamu walishika mateka wa Kikuraishi. Wapo waliokosa mali ya kujikomboa lakini walijua kusoma na kuandika. Mtume ﷺ akakubali fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Zingatia hapo. Mwalimu alikuwa mushriki, somo lilikuwa herufi, na wanafunzi walikuwa watoto wa Kiislamu wa Madina. Dola changa inayohitaji kila dirhamu ikaona kumfundisha mtoto kuandika ni sawa na fedha taslimu.

Tazama tena kwa Zayd bin Thabit, Allah amridhie. Aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa muda mfupi sana, kwa sababu umma ulikuwa na haja nayo. Na Bibi Ash-Shifa bint Abdullah, Allah amridhie, ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume ﷺ, kuandika. Mwanamke anamfundisha mwanamke, na Mtume ﷺ anajua na anaridhia.

Na namna ya kufundisha je? Yule bedui aliyekojoa msikitini, maswahaba walimkemea. Mtume ﷺ akawazuia, akamwacha amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamweleza kwa upole. Muawiya bin Al-Hakam As-Sulami alizungumza ndani ya swala bila kujua hukumu yake. Baadaye alishuhudia kwamba hajaona mwalimu mzuri kuliko Mtume ﷺ, hakumkaripia wala hakumpiga. Haya unayosoma chuoni kwa jina la mbinu za kufundishia, asili yake unayo ndani ya Bukhari na Muslim. Tatizo letu tunavisoma vitabu hivyo kwa ajili ya twahara na swala, tunapita juu ya ualimu uliomo ndani yake.

DINI NA DUNIA SI MADARASA MAWILI

Wapo watakaosema: "Sheikh, ualimu wa madrasa ni ibada, lakini kufundisha hesabu shuleni ni kazi ya mshahara tu." Hapana. Huo mgawanyo wazee wetu hawakuwa nao.

Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, rahimahullah, aliyeitafsiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa mwalimu wa shule Zanzibar kabla ya ukadhi. Mzee wetu Ali Hassan Mwinyi, aliyetutangulia mbele ya haki mwaka 2024, kabla ya kuwa Rais wa Tanzania alifundisha shule kule Mangapwani. Na Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, daktari aliyetumia umri wake Afrika hadi alipofariki mwaka 2013, jumuiya yake iliacha nini Unguja? Pamoja na misikiti na visima, iliacha chuo cha ualimu pale Chukwani, kilichoanza mwaka 1998 na leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Daktari ndiye aliyejenga chuo cha walimu! Alielewa kwamba bila mwalimu hata huyo daktari hapatikani.

Tukija Bara, tunacho Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, na ualimu ni katika nguzo zake. Milango ipo. Kilichobaki ni sisi kuacha kuiona kama milango ya nyuma.

SASA TUZUNGUMZE UKWELI WA AJIRA

Sitaki kukudanganya kwa mawaidha matamu. Ajira ya moja kwa moja, ambapo mhitimu alipangiwa kituo mara tu akimaliza, imekwisha. Leo unaomba kupitia mfumo wa ajira wa serikali, unaitwa kwenye usaili, na wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Wapo vijana wetu wenye shahada ya ualimu wamekaa nyumbani miaka kadhaa.

Lakini angalia wanaosubiri zaidi ni nani. Wengi ni wa masomo ya sanaa, hasa wale waliochagua masomo mawili ambayo kila mtu ameyachagua. Wakati huohuo shule, hasa za vijijini, zinalia kwa kukosa walimu wa hesabu, fizikia na kemia. Hii maana yake nini? Maana yake uamuzi wako hauishii kwenye neno "ualimu". Unaamua ualimu wa masomo gani. Mwalimu wa sekondari huandaliwa kwa masomo mawili, na hayo mawili ndiyo yatakayokutambulisha maisha yako yote.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa PCM au EGM ambaye hesabu amefaulu vizuri, usikimbie hesabu ukaenda kwenye somo jepesi kwa ajili ya kupata GPA ya juu. Na wewe wa HKL au HGL, sikwambii sanaa haina thamani. Historia na Kiswahili ni elimu, na umma unaosahau historia yake huandikiwa na wengine. Ila ingia ukijua ushindani uliopo, na jijengee kitu cha ziada: uhariri, kompyuta, Kiarabu chako cha madrasa kilichokamilika. Kutegemea kwa Allah hakuondoi kumfunga ngamia.

MAMBO YA KUZINGATIA UNAPOOMBA

1. Nia kwanza. Ukiingia kwa nia ya mshahara pekee, mshahara ukichelewa na ualimu wako umekufa. Ingia kwa nia ya kuacha elimu yenye manufaa, katika yale matatu yasiyokatika mtu akifa. Mshahara ni halali yako na ni haki yako, lakini usiwe kibla chako.

2. Swali istikhara, kisha usome mwongozo. Wapo wanaoswali istikhara usiku na asubuhi wanaomba kozi ambayo hawana sifa zake. Kitabu cha mwongozo cha TCU kimeandika kila kozi na masharti yake. Kwa Tanzania kiwango cha chini kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya principal wenye jumla isiyopungua pointi 4, na chuo kinaweza kutaka zaidi. Kwa ualimu, angalia kama masomo hayo mawili ndiyo unayotaka kuyafundisha. Na kama umefanya Islamic Knowledge, soma uone kama kozi unayoitaka inalihesabu somo hilo, usikisie. Kwa ndugu zetu wa Kenya, anayetaka kufundisha sekondari aangalie C+ ya jumla na C+ katika yale masomo mawili, maana TSC watakuuliza hayo hata ukiwa na shahada mkononi.

3. Majina yako yawe mamoja. Hili linawaumiza sana watoto wa Kiislamu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha kidato cha nne Muhammad, cha sita Mohammed. Dada mmoja ni Khadija huku na Hadija kule. Unapoomba mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, na hitilafu ya herufi moja inaweza kukuchelewesha. Mzazi, fungua bahasha ya vyeti leo, usisubiri wiki ya mwisho.

4. Kuhusu mkopo. Wengi mnaogopa riba, na khofu hiyo ni dalili ya imani, Allah aizidishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ndiyo hoja kubwa, ilifutwa mwaka 2021. Soma mkataba wa mwaka wako wenyewe, uangalie ada zilizobaki na sababu yake, kisha mpelekee mwanachuoni unayemwamini ukiwa na karatasi mkononi. Usichukue fatwa ya kijiweni, si ya kuhalalisha wala ya kuharamisha. Na ukikopa, ni deni. Ajira ikipatikana utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Lilipe, kwani deni la umma ni deni.

5. Thibitisha udahili. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja ndani ya muda uliopangwa. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi si kwa kufeli, bali kwa kutofungua simu.

6. Ukishaingia chuoni, usidharau mazoezi ya kufundisha. Wapo wanafunzi wanaomwomba mwalimu mkuu awagongee muhuri, wanarudi mjini. Hiyo ni khiyana. Wale watoto uliowakimbia watasimama mbele ya Allah wana haki juu yako.

DADA ZETU

Baba unayesema binti akisoma ualimu atapangiwa mbali, nakuelewa. Khofu yako ina msingi na sheria inakupa nafasi ya kulinda. Lakini huyohuyo unataka binti yako afundishwe bailojia na mwalimu mwanamke mwenye stara. Huyo mwanamke atatoka wapi, kama kila baba amefunga mlango? Tafuta njia ya kumlinda binti akiwa kwenye kheri: chuo chenye mazingira mazuri, ndugu wa karibu na kituo, mume atakayeheshimu kazi yake. Kuzuia ni rahisi kuliko kulinda, ndiyo maana wengi tunazuia.

NENO KWA SISI TUNAOKAA MIMBARI

Na hili nalisema kwa masheikh, maimamu na kamati za misikiti, nami nikiwa ndani yao. Tunajua kuchangisha. Mnara, zulia, kipaza sauti, Ijumaa tatu tu zimepatikana. Lakini nyuma ya msikiti huohuo kuna kijana mwenye B ya hesabu, amepata chuo, amekosa nauli na malipo ya kujisajili, anaendesha bodaboda. Halafu tunalalamika kwamba shule ya mtaani kwetu haina mwalimu wa Kiislamu, kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu hakina mtu, watoto wanafeli hesabu.

Rai yangu ni hii: kila msikiti wenye uwezo wa kubadilisha zulia, usomeshe mwalimu mmoja. Mmoja tu, kwa miaka yake mitatu. Mkubaliane naye kwa maandishi kwamba akimaliza, wakati anasubiri ajira, atawafundisha watoto wa msikiti huo masomo ya jioni. Hapo kijana hakai bure, watoto hawafeli, na zile fedha zinaendelea kuzaa thawabu. Zulia baada ya miaka mitatu limechakaa. Mwalimu baada ya miaka mitatu ndiyo kwanza anaanza kazi.

Na wewe kijana uliyeshika simu muda huu, dirisha la maombi likiwa wazi au likikaribia, ondoa lile neno "tu". Andika ualimu ukiwa umeuchagua. Kama moyo wako na uwezo wako viko kwenye udaktari au uhandisi, nenda huko kwa baraka za Allah, umma unawahitaji nao. Lakini usije kwetu walimu kama mkimbizi. Watoto wanamjua mwalimu aliyekuja kwa kukosa pa kwenda, wanamjua kuanzia siku ya kwanza anapoingia darasani.

Ewe Allah, tupe elimu yenye manufaa, warehemu walimu wetu waliotangulia, wape subira walio vijijini bila nyumba wala maji ya karibu, na uwafungulie milango ya rizki ya halali vijana wetu wanaosubiri. Aamin.

Mfikishie ujumbe huu mzazi mwenye mtoto wa kidato cha sita, na mjumbe wa kamati ya msikiti wako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.