Sefu ya Kwanza ni Mdomo Wako

Wasee, kila nikitaja kwamba nina sarafu za zamani, jibu ni moja tu: "Peleka benki." Mathe anasema peleka benki. Jirani anasema peleka benki. Hata jamaa ambaye akiba yake yote iko M-Pesa ananiambia peleka benki. Imekuwa kama kuambiwa "kunywa maji" ukiumwa na kichwa. Hakuna anayeuliza ni sarafu gani, ni ngapi, zimewekwa ndani ya nini, na nikianguka kesho nani anajua ziko wapi.

Leo nawapinga wote. Sisemi benki ni mbaya. Nasema kwa wengi wetu, vijana tulioachiwa mkusanyo na mzee, mwizi wa kuvunja mlango si adui namba moja. Maadui ni watatu: mdomo, unyevu, na kukosa karatasi. Kama hujamalizana na hao watatu, hiyo benki ni ya kukupa usingizi tu, haikupi usalama.

Ninasema hivi kwa sababu mimi ndiye nilibaki na sarafu za babu. Ni vipande zaidi ya mia mbili. Alikuwa anatoa moja moja, anakuonyesha tundu katikati, anakueleza mkate ulikuwa pesa ngapi. Alipoaga, kikao cha familia kilikuwa kirefu kuliko cha mazishi. Wengine wanataka ziuzwe, wengine wanataka benki, wengine wanauliza tu "zina thamani gani?" huku macho yakisema mengine. Kwa hivyo haya si maneno ya nadharia. Na kabla mtu hajaniuliza digrii yangu iko wapi, niliacha chuo, hiyo mnajua. Kusoma sikuacha.

Kwanza jua unalinda nini

Huwezi kuchagua mahali pa kuficha kitu usichokijua. Hapa ndipo video za "sarafu yako ya zamani ni mamilioni" zimetuharibu.

Chukua ile ya shilingi 40. Ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ina sura ya Kibaki. Ni nzuri, iweke. Lakini bei yake haikaribii hata robo ya hizo ndoto unazouziwa na jamaa mwenye taa ya duara. Au chukua zile senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936, zenye tundu na jina la Edward VIII. Jamaa alikuwa mfalme chini ya mwaka mmoja, akaachia kiti Desemba 1936. Kule Uingereza, pauni ya dhahabu yenye sura yake iliuzwa pauni milioni moja mwaka 2020. Basi mtu anasikia "Edward VIII" anadhani ameomoka. Boss, hizi zetu zilitengenezwa kwa mamilioni. Hazina hata sura yake, kwa sababu katikati kuna tundu!

Sasa ukiwa na rupia au pesa ya shaba ya Mombasa ya 1888, zile za kampuni ya Waingereza iliyotawala huku kabla ya serikali yao, hapo tunaongea lugha nyingine. Ukiwa na zile za dhahabu za 1966 za Mzee Jomo Kenyatta, za shilingi 100, 250 na 500, hapo kaa chini kabisa. Na hata shilingi ya kawaida ina darasa lake. Zile za kwanza za 1966 hazina maandishi kuzunguka kichwa cha Mzee, za kuanzia 1969 zinayo. Kama hujui tofauti hiyo, usiniambie habari ya sefu. Bado hujui unafungia nini.

Nilipopanga za babu, zenye bei ya maana sokoni zilikuwa chache, za kuhesabu kwa vidole. Zingine zote ni kumbukumbu. Kumbukumbu inahitaji ulinzi, ndiyo, lakini si ulinzi sawa na wa dhahabu. Kulipia kisanduku cha benki kila mwaka kwa ajili ya senti kumi zenye tundu ni kulipa kodi ya nyumba ya kuku kwa bei ya keja.

Mdomo

Machi 2017, jumba la makumbusho la Bode kule Berlin liliibiwa sarafu moja ya dhahabu yenye kilo 100. Kilo mia! Wezi waliingia kwa dirisha usiku wakitumia ngazi, wakaitoa na kitoroli kama cha mjengo. Haijawahi kuonekana tena. Na mmoja wa waliohukumiwa alikuwa amefanya kazi ya ulinzi mle ndani. Kumbuka hilo kabla ya kuniuliza ni aina gani ya kufuli ninunue. Kufuli lilikuwepo. Watu wa ndani pia walikuwepo.

Rudi nyuma zaidi. Oktoba 1967, tajiri mmoja wa Florida, Willis duPont, alivamiwa nyumbani kwake na majambazi wenye bunduki na barakoa. Walibeba mkusanyo wake wa sarafu, zikiwemo zile dola za 1804 ambazo duniani ni chache mno. Moja ya zilizoibwa, dola ya 1866, ilipatikana 2004. Hesabu mwenyewe miaka. Watu walijua yuko nazo, na walijua ziko nyumbani.

Sasa wewe huna ukuta wa tajiri wa Florida. Uko Pipeline au Roysambu, kwa bedsitter, keja ambayo watu wanasikia hata ukifungua soda. Halafu unaweka picha ya sarafu kwa status, nyuma dirisha linaonyesha bango la supamaketi ya mtaa. Kwetu, mjomba mmoja alirusha picha za sarafu za babu kwa grupu ya WhatsApp ya familia, watu zaidi ya sabini, na maneno "hazina yetu iko salama kwa kijana wetu Nairobi." Jioni hiyo nilipigiwa simu na watu watatu ambao hawajawahi kunitafuta hata siku ya kuzaliwa. Mmoja alitaka kujua siku hizi naishi wapi "hasa."

Mjomba hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana nasema tatizo ni la sisi wote. Tumelelewa kuamini kitu cha fahari lazima kionekane. Sarafu hazitaki hivyo. Ukitaka kuonyesha, onyesha moja, bila kusema una ngapi, ukiwa umeshahama pale ulipopigia picha. Mimi natengeneza video kila wiki na hakuna hata moja ambayo mkusanyo wote umeonekana. Hakutakuwa.

Benki nayo

Tuipe benki haki yake. Ukuta ni mnene, kuna kamera, kuna askari, na fala wa mtaani hawezi kuingia akiwa na rungu. Hayo ni ya kweli. Lakini yale ambayo "peleka benki" haikuambii ni haya.

Moja, kilicho ndani ya kisanduku si akiba. Ile kinga ya shirika la bima ya amana, inayofika shilingi 500,000 benki ikianguka, ni ya pesa zilizo kwa akaunti. Sarafu zako hazihesabiwi. Kinga yao ni bima unayojitafutia wewe, na bima nyingi za nyumba huziacha nje au huzipa kiwango kidogo sana mpaka uzitaje kwa jina na upeleke makadirio ya bei.

Mbili, ukuta mnene si mwisho wa maneno. Novemba 2017 pale Thika, wezi walichimba handaki hadi chumba cha hazina cha benki wakaondoka na zaidi ya milioni 50. Pasaka ya 2015, London, wazee wenye umri wa kucheza na wajukuu walitoboa ukuta wa zege pale Hatton Garden wakafagia visanduku. Na si wezi tu. Machi 2021, polisi wa FBI waliingia kampuni ya visanduku kule Beverly Hills wakabeba vitu vya mamia ya wateja ambao hawakushtakiwa kwa lolote. Mahakama ya rufaa ilisema Januari 2024 kwamba upekuzi ule ulivunja katiba. Kuna mteja aliyelazimika kwenda kortini akisema sarafu zake za dhahabu hazikurudi zote.

Tatu, na hii ndiyo inauma Kenya: kifo. Kisanduku kikiwa kwa jina lako peke yako na ukafa, familia haiingii na ufunguo kama inavyoingia jikoni. Wanaanza safari ya mirathi: barua ya chifu, mahakama, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, kusubiri, na ndugu mmoja wa kupinga. Unajua kesi za mirathi hapa. Kuna watoto wamezaliwa na wakamaliza shule kesi bado inatajwa. Na hiyo ni kama wanajua kisanduku kipo.

Kwa hivyo benki ni sawa kwa vipande vichache vya bei kubwa, ukiwa na bima yenye orodha, na mwenzako wa pili aliyeandikishwa. Zaidi ya hapo ni mazoea.

Unyevu hauna haraka

Mwizi huja usiku mmoja. Unyevu huja kila siku na hubisha hodi kamwe.

Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo. Fedha hugeuka nyeusi ikikaa karibu na salfa, na salfa iko kwa mipira ya kufungia noti, kwa magazeti, kwa bahasha za bei rahisi. Shaba nayo ikikutana na chumvi ya hewa ya Mombasa au Malindi huanza kutoa unga wa kijani unaoila taratibu. Na ile mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu? Ni PVC. Ikizeeka hutoa asidi na kuacha utando wa kijani unaonata. Unaweza kufungia sarafu kwa chuma cha nchi tatu na ziharibike zikiwa ndani ya mfuko wa shilingi ishirini.

Dawa si ghali. Tafuta vifuko vya poliesta visivyonuka. Weka vipakti vya silika kama vile hukaa kwa sanduku la viatu, na uvibadilishe. Shika sarafu kwa ukingo. Usizisugue, si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Sarafu iking'aa kwa kusuguliwa imeshapoteza bei. Na sefu za kuzuia moto zina tabia ya kuhifadhi unyevu ndani, kwa hivyo silika huko ni lazima.

Basi ziwekwe wapi?

Naona mtu ameshika kiuno: "Umetukataza benki, umetukataza keja, tuzimeze?" Hapana.

Kama unapanga na huwezi kutoboa sakafu, usinunue sefu ndogo. Sefu isiyofungwa kwa zege ni sanduku ambalo mwizi amepakiwa tayari. Tena keretaka ana ufunguo wa pili, na wewe unahama kila mwaka kwa mkokoteni. Zile za kumbukumbu zikae kwa mtu wa familia mwenye nyumba yake, mtulivu, asiye na stori nyingi. Zikae ndani ya kitu cha kuchosha macho, mbali na jikoni, bafu na ukuta unaopigwa na mvua. Isiwe chumba cha kulala, huko ndiko mwizi huanzia. Zile za bei kubwa, benki kwa masharti niliyotaja. Usiweke zote mahali pamoja, hata pawe pazuri vipi.

Halafu karatasi. Piga kila sarafu picha pande zote mbili, andika mwaka, uzito na kipenyo. Nakala moja ikae mbali na sarafu zenyewe. Sarafu iliyoibwa bila picha ni hadithi tu, polisi watakusikiliza kwa heshima na kufunga kitabu. Na kama una kitu cha kabla ya 1895, jua kwamba Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale. Huwezi kukituma kwa mnunuzi wa ng'ambo bila kibali. Yule jamaa wa mtandaoni anayekuambia "weka tu kwa bahasha" si yeye atakayekamatwa.

Mwisho, mtu mmoja ajue. Mmoja au wawili, si sabini. Siri unayokufa nayo si usalama, ni hasara iliyocheleweshwa. Ndiyo maana mikusanyo mingi ya wazee wetu imeishia kwa fundi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo, kwa sababu aliyeikuta ndani ya kopo la kahawa hakuambiwa ni nini.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kuuliza bei ya kisanduku, keti chini, panga, piga picha, andika, toa zile plastiki zinazonuka. Kisha chagua mtu wako.

Na za babu ziko wapi? Hapo sasa ungekuwa hujasoma chochote.