Kiazi cha Gunia na Daftari la Mwanafunzi

Katika mitaa ya nyumba za kupanga mjini Kitale na Bungoma, si ajabu siku hizi kukuta gunia, ndoo iliyopasuka au debe kuukuu limejazwa udongo na kupandwa viazi mbatata. Aghalabu ni kazi ya shule, kwa kuwa mtaala wa umilisi unadai kilimo kifanywe kwa vitendo hata na mtoto asiye na shamba. Naliunga mkono jambo hili kwa dhati. Walakini, walimu hawana budi kutahadhari na ahadi zinazotiwa chumvi na, zaidi ya hayo, mbegu isiyochunguzwa.

Tunaambiwa kwamba kadiri unavyoongeza udongo ndivyo shina linavyozaa tabaka juu ya tabaka hadi gunia lifure. Shangi, aina iliyoenea sana nchini, haina tabia hiyo. Hukomaa kwa yapata miezi mitatu na huzaa karibu na mbegu yake. Udongo wa kuongeza hufaa hasa kuvikinga viazi na mwanga, maana kiazi kilichogeuka kijani kina sumu ya solanini. Mbegu tatu zatosha gunia moja, na anayevuna kilo moja kwa kila mbegu hana sababu ya kununa.

Isitoshe, Kitale si Bungoma. Kitale iko yapata mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mjini yapata mita 1,400. Usiku ukiwa na joto, majani ya kiazi hunawiri ilhali chini hamna kitu. (Wakulima wa Mlima Elgon hawahitaji kuambiwa haya.) Gunia la Bungoma basi liwekwe mbali na ukuta wa mabati, lipate kivuli cha alasiri na lifunikwe kwa nyasi.

La mbegu ndilo zito. Mzazi hununua viazi vya kula sokoni, akavikata, akavipanda. Ndani ya kiazi kinachoonekana kizima huweza kujificha bakteria wa mnyauko, ugonjwa usio na dawa. Udongo huo ukimwagwa shambani baada ya mavuno, ugonjwa huhamia huko na kudumu kwa miaka, ukivizia viazi, nyanya, biringanya, pilipili, na hata mnavu tunaoupenda sana huku Magharibi, kwani yote hiyo ni mimea ya ukoo mmoja. Mwalimu asiye na maabara aweza kuutambua: akate shina la mche ulionyauka, alining'inize katika bilauri ya maji safi, na wanafunzi watazame. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ndio mnyauko wenyewe. Mbegu iliyoidhinishwa, kama ile itokayo kituo cha KALRO cha Tigoni, ni ghali kwa mzazi mmoja, lakini shule kadhaa zaweza kuchangia mfuko mmoja na kugawana.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji atanisamehe nikigusia jina. Mbatata tulilipata kwa Wareno, nao walilitoa kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao kwao lilikuwa jina la kiazi kitamu! Mkanganyiko huo ungali nasi: mtoto wa Bungoma akiambiwa alete viazi vya kupanda, huenda akaleta marando ya mabwoni. Mwalimu ataje waziwazi anachotaka.

Kisha asiridhike na picha iliyopigwa kwa simu ya mzazi, ambayo haionyeshi ni nani aliyeshika jembe. Amdai mwanafunzi daftari la wiki kumi na mbili, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Macho, machipukizi, matandazo na mnyauko ni maneno yaliyopo tayari. Mche ukifa, tarehe iandikwe pia, na udongo wa gunia hilo usimwagwe katika shamba la mtu.