UGALI NA SUKARI SIYO KICHEKESHO (Sehemu ya 3)

Wamama wenzangu, hapa Sumbawanga vijiweni bado wanabishana kuhusu Fei Toto kuondoka Yanga kabla mkataba haujaisha. Desemba 2022 aliweka milioni 112 ili auvunje, TFF wakasema bado ni wa Yanga, mpaka Juni 2023 akaenda Azam. Hayo ya mkataba bisheni mtakavyo.

Ila mama yake aliposema mwanawe anakula ugali na sukari, mkacheka mpaka leo. Mimi sicheki. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Rukwa hii hii inayolima mahindi na maharage! Ugali na sukari unashibisha tumbo, haujengi mwili.

Baba unayemlilia mchezaji kila jioni, mwanao kala nini leo? Maharage yasiuzwe yote, debe libaki la watoto. Dagaa wa Tanganyika wapo sokoni. Na mama akisema mwanangu hali vizuri, msikilizeni kwanza. Ubishi wa timu utasubiri.