Jina la Kwao Mama

Tukishaolewa huitwa Bibi Fulani kwa jina la mume, na tukijifungua huitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto. Je, jina tulilozaliwa nalo limeandikwa wapi? Mwezi huu tuwatazame watu wa Quebec, huko Kanada. Wengi wao wanaweza kuwatafuta wazee wao waliotoka Ufaransa zaidi ya miaka 300 iliyopita na kuwapata, na kinachowasaidia sana ni jina la mama.

Wafaransa walianzisha mji wa Quebec mwaka 1608. Wanaume walikuwa wengi na wanawake wachache, kwa hiyo kati ya 1663 na 1673 Mfalme Louis wa 14 aligharimia safari ya wanawake karibu 770 waende kuolewa huko. Wengi wao walikuwa wamefiwa na baba. Waliolewa na kuzaa, lakini majina yao hayakupotea. Padre alipobatiza mtoto aliandika jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo aliozaliwa, na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Hata mama alipozikwa, aliandikwa kwa jina la kwao.

Jambo hilo ni msaada mkubwa, kwa maana majina ya wanaume yaligeuka. Mwaka 1665 liliwasili jeshi la Carignan-Salières lenye askari wapatao 1,200, na 400 hivi wakabaki na kuwa wakulima. Askari walikuwa na lakabu, kama Lafleur, yaani Ua, au Sansoucy, yaani Asiye na Wasiwasi. Lakabu iliunganishwa na jina la ukoo kwa neno "dit", maana yake "aitwaye". Basi katika nyumba moja mtoto mmoja alishika jina la ukoo na mwingine akashika lakabu, na baada ya vizazi vichache wajukuu hawakujuana tena kuwa ni ndugu. Hapo mtafutaji hutazama ubatizo wa wale wawili. Akikuta baba na mama ni wale wale, fumbo limefumbuka.

Majina ya ubatizo nayo yana desturi yake. Hasa katika karne ya 19, karibu kila msichana aliandikwa Marie na kila mvulana Joseph. La pili mara nyingi lilikuwa la msimamizi, na la mwisho ndilo aliloitwa nyumbani. Asiyejua desturi hii atadhani karani amekosea akiona akina Marie watano wa mama mmoja! Tena mtoto akifariki, aliyefuata aliweza kupewa jina lile lile.

Sisi tunaofanya kazi wodi ya wazazi tunaguswa zaidi na watoto wachanga waliobatizwa nyumbani na mkunga kwa sababu walikuwa mahututi. Wengine walizikwa bila jina, lakini mama yao ametajwa, na kwa jina lake wangali wanajulikana.

Kumbukumbu pia zaweza kupotea. Juni 1640 moto uliteketeza kanisa la mji wa Quebec pamoja na vitabu vyake, ikabidi viandikwe upya kwa yale watu waliyokumbuka. Wangechelewa hadi wazee wafariki, yangetoweka mengi. Na tangu 1981 sheria ya Quebec inamtaka mke abaki na jina lake la kuzaliwa.

Basi dada, jioni ya leo chukua daftari. Andika jina la kwenu, la mama yako na la mama yake. Andika watoto wako wote, pamoja na wale uliowazika. Kama bibi yu hai, mwulize angali anakumbuka. Wajukuu wako watakapouliza, wapate pa kuanzia.